Magadi nimeweka, maji nimemwaga, bado nimeaibika ukweni: gesi ya maharage inatoka wapi hasa?

#1 Kijana wa Segerea (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwanza, mzaha mtafanya baadaye (najua mtafanya tu).

Jumapili nilikuwa na mwaliko ukweni. Mchana, kama saa saba, nikala wali maharage niliyopika kwa mkono wangu. Nililoweka usiku kucha, asubuhi nikamwaga maji, nikatia kipande cha magadi kama nusu ya kidole gumba, nikachemsha mpaka yakawa yanapondeka kwa ulimi. Saa moja jioni nimekaa sebuleni, baba mkwe anaeleza kesi ya mpaka wa shamba lake, tumbo langu linanguruma kama bodaboda inayokataa kuwaka. Nikabana mpaka jasho likanitoka. Shangazi mtu akaingia, nikanyanyuka kumpa shikamoo. Ikatoka.

Mama yangu amenilea akisema magadi yanaua gesi. Jamaa yangu wa maabara anasema magadi hayahusiki, tatizo ni sukari inayoitwa rafinosi. Sasa maharage yana sukari? Mbona siyo matamu?

#2 Shemeji wa Wote
Kabla hatujaenda mbali: uliomba radhi au ulimtazama mtoto aliyekuwa karibu?

#3 Kijana wa Segerea
#2 Hakukuwa na mtoto. Ndiyo maana nipo hapa.

#4 Kibopa wa Mbagala
Hayakuiva hayo. Maharage yakiiva sawasawa hayana shida. Vijana wa siku hizi mnachemshia jiko la gesi mna haraka, maharage yanataka mkaa na subira.

#5 Mwalimu wa Maabara
Jamaa yako yuko karibu na ukweli kuliko mama, mama atanisamehe.

Sukari ya mezani, sukrosi, ni sukari mbili ndogo zilizoshikana: glukosi na fruktosi. Mmea ukipachika galaktosi moja upande wa ile glukosi, unapata rafinosi. Ukipachika ya pili, ni stakiosi. Ya tatu, vabaskosi. Fikiria kichwa kilekile cha treni, mabehewa yanaongezwa. Kwenye maharage ya kawaida stakiosi ndiyo nyingi, rafinosi kidogo, ila ukoo mzima umepewa jina la rafinosi.

Shida ipo kwenye kifungo kinachoshika behewa la galaktosi. Cha kukikata ni kimeng'enya kinaitwa alfa-galaktosidazi, na utumbo wetu mwembamba haukitoi. Sukari inateremka nzima nzima hadi utumbo mpana. Huko kuna bakteria wanaokitoa, na wana njaa. Wanaichachusha, inatoka haidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani. Safari ya chakula mpaka huko inakula saa kadhaa. Saa saba mchana hadi saa moja jioni, tumbo lako lilifuata ratiba.

Utamu upo, ila ni mdogo sana ukiulinganisha na sukari ya chai, halafu umezama kwenye wanga na protini.

#6 Nyundo2
Mwalimu shikamoo. Nina swali la ubishi. Glukosi, fruktosi na galaktosi zote fomula ni C6H12O6. Mara tatu ni C18H36O18. Mbona nikitafuta rafinosi naona C18H32O16? Nani kaiba?

#7 Mwalimu wa Maabara
#6 Marahaba. Maji ndiyo yaliyotoka. Kila sukari mbili zinaposhikana, molekuli moja ya maji inatoka. Tatu zikishikana vifungo ni viwili, basi toa H2O mbili. Uzito wa molekuli unabaki 504.

#8 Nyundo2
Nimeelewa. Nikafanya na ya stakiosi: sukari nne, maji matatu yanatoka, C24H42O21. Nikajumlisha: kaboni 288, haidrojeni 42, oksijeni 336.

Wakuu, hebu jumlisheni wenyewe.

#9 Shemeji wa Wote
666!!! Nilijua. Nilijua tu tangu shule ya bweni.

#10 Kibopa wa Mbagala
Mchungaji wangu lazima aione hii namba 😂

#11 Mama Zawadi
Nacheka mpaka mteja ananishangaa. Mimi mama lishe, maharage napika kila siku ya Mungu, nisemeje sasa.

Ninavyofanya: nayaloweka jioni kwenye ndoo. Asubuhi maji yale namwaga, yana rangi ya chai na harufu yake unaijua. Nabandika kwa maji mapya, yakishachemka vizuri kama dakika ishirini, namwaga tena. Ndipo naweka maji ya moto, siyo ya baridi, nayaacha mpaka yaive. Wateja wangu wengine ni makondakta, wanakaa na abiria kutwa, hawajawahi kunilalamikia.

Magadi naweka siku mkaa umepanda bei. Yanalainisha upesi, basi. Ukizidisha maharage yanakuwa na utelezi na ladha ya sabuni. Kwenye gesi sijaona tofauti, ila wifi yangu anaapa kwamba yanasaidia.

#12 Mwalimu wa Maabara
Mama Zawadi kasema kwa ndoo nilichotaka kusema kwa ubao. Hizi sukari zinayeyuka kwenye maji. Kinachozipunguza ni maji unayoyamwaga. Kuchemsha peke yake hakuzivunji: ukichemsha na maji yaleyale ukala na mchuzi wake, umezila zote.

Magadi ni chumvi za sodiamu, kabonati na baikabonati. Yanalegeza pektini inayogundisha seli za maharage, ndiyo maana yanaiva haraka. Galaktosi hayaigusi.

#13 Wifi Mtu
#12 Mimi nipo upande wa wifi yake Mama Zawadi. Maharage yakilainika na ganda likafunguka, si sukari inatoka vizuri zaidi kwenye maji? Kwa hiyo magadi yanasaidia kwa mlango wa nyuma.

#14 Mwalimu wa Maabara
#13 Inatoka, ndiyo. Inaingia kwenye mchuzi. Mchuzi unaumwaga?

#15 Wifi Mtu
Mchuzi wa maharage nimwage? Kwa nazi ilivyo ghali? Basi tuseme yanasaidia kama unayatia kwenye maji ya kulowekea. Sijashindwa.

#16 Lishe Bora TZ
Mnaomwaga maji mara mbili mjue mnamwaga na vitamini, hasa folati, pamoja na potasiamu. Na nyie wa magadi mnaharibu vitamini B1, haipendi mazingira ya besi. Kila njia ina gharama yake.

#17 Mchagga wa Usa River
Kwenye magadi niongeze jambo lingine. Magadi haya ya bonde la ufa, ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi lenyewe upande wa Kenya, yanaweza kuwa na floridi nyingi. Huku kwetu Arusha na Kilimanjaro maji pia yana floridi, angalia meno yetu yalivyo ya kahawia. Bibi alikuwa akitia magadi kwenye maharage, kwenye kiburu, kwenye kila kitu. Mimi meno yangu nikicheka mbele ya mgeni naweka mkono mdomoni. Sasa ninyi wekeni kwa ajili ya gesi.

#18 Binti wa Shela
Kwetu Lamu maharagwe ni ya nazi na magadi hatutii. Bibi alikuwa akitia tangawizi, na siku za wageni mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kidogo sana, mfano wa punje ya mtama, kwenye mafuta ya moto. Nyumba nzima inanuka kisha harufu inageuka kuwa tamu. Mvuje huohuo alikuwa akiufunga kwenye kitambaa na kumfunga mtoto mkononi asipatwe na kijicho. Wahindi wengi nao hupika dengu na huo mvuje. Mtu anambie hautibu gesi.

#19 Shemeji wa Wote
#18 Dada, kumbe mvuje unafukuza jicho la hasidi na ushuzi kwa pamoja. Hiyo ndiyo huduma.

#20 Muuguzi Ughaibuni
Nipo Ulaya, kazi yangu ni wodi ya magonjwa ya tumbo. Mambo mawili.

Kwanza #4, kutoiva ni habari nyingine kabisa. Maharage mekundu yaliyopikwa nusu nusu yana sumu ya protini aina ya lektini. Mtu anatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Hiyo inaharibiwa na moto, ila lazima yachemke kwelikweli, angalau dakika kumi za kububujika. Moto mdogo wa uvuguvugu haufai, unaweza hata kuizidisha makali. Sukari za Mwalimu ni kinyume chake, moto haziuogopi. Usichanganye sumu na aibu.

Pili, gesi hii tunaipima. Mgonjwa anakunywa sukari fulani, kisha anapuliza kwenye kifaa kila baada ya muda. Mwili wa binadamu wenyewe hautengenezi haidrojeni, ikionekana kwenye pumzi imetoka kwa bakteria wa tumboni, imepita kwenye damu hadi mapafuni. Niliwahi kupima mtu aliyekula maharage usiku wa kuamkia kipimo, namba zilikuwa juu kabla hata hajanywa chochote. Akarudishwa nyumbani.

#21 Nyundo2
Nimekaa nawaza. Maziwa yana laktosi, laktosi ina galaktosi, mbona tunaiyeyusha? Mwalimu umesema galaktosi ndiyo shida.

#22 Mwalimu wa Maabara
#21 Sikusema galaktosi, nilisema kifungo. Swali zuri lakini. Galaktosi ya maziwa imeshikwa kwa kifungo cha beta, ya maharage kwa kifungo cha alfa. Ni vitasa viwili vyenye umbo la karibu sana, kimoja kimepinda upande wa pili. Laktezi, kimeng'enya chetu cha kukata laktosi, inafungua beta tu. Na watu wazima wengi wa Afrika hata hiyo laktezi inapungua ukubwani, ndiyo maana wengine maziwa yanawafanyia yaleyale.

#23 Kijana wa Segerea
Subirini. Jumapili ile ukweni walinipa chai ya maziwa. Vikombe viwili.

#24 Shemeji wa Wote
Mashtaka yameongezeka.

#25 Kamau wa Githeri
Mko sawa watu wangu. Huku Kenya tunasema maragwe. Nilisoma boarding, githeri (mahindi na maragwe) Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki ya kwanza ya form one dom ilikuwa haikaliki, madirisha wazi na baridi ya Nyahururu unaijua. Kufika katikati ya term hakuna mtu alikuwa na shida. Mpishi ni yule yule, sufuria ni ile ile, maragwe hayakuwa yanaloweshwa hata. Sasa hiyo raffinose ilienda wapi? Mimi nasema ni tumbo huzoea.

#26 Muuguzi Ughaibuni
#25 Kuzoea kupo kweli. Wengi wakila mfululizo malalamiko hupungua ndani ya wiki chache. Wapo wanaosema bakteria hujipanga upya, wapo wanaosema mtu anaacha tu kujisikiliza.

#27 Kibopa wa Mbagala
#25 Au mlikuwa mnanuka wote kwa pamoja, nani angemsikia mwenzake?

#28 Kamau wa Githeri
#27 😂 Hiyo pia sijaikataa bana.

#29 Mkulima wa Karatu
Mnalaumu maharage kama vile sukari hiyo iliwekwa kuwatesa. Mbegu inapokomaa inakauka kabisa, na kukauka huko kungeua seli. Hizi sukari ni sehemu ya kinga yake, zinalinda ngozi za seli mpaka mvua ije. Ikiota, mbegu yenyewe inatoa kile kimeng'enya cha Mwalimu, inakata sukari zake na kuzila kabla majani hayajaanza kazi.

Kwa hiyo dawa ni kuchipusha. Choroko zifunge kwenye kitambaa kibichi siku mbili, mkia ukitoka urefu wa ukucha pika. Wahindi wa Arusha mjini wananunua choroko zangu kwa kazi hiyohiyo. Mbegu imekwisha kukufanyia usagaji.

Na usinunue maharage ya msimu wa juzi yaliyokaa ghala lenye joto. Hayo yanakuwa mawe, utachemsha hadi usiku, utaishia kutia magadi.

#30 Mama Zawadi
#29 Nichipushe maharage debe zima mkulima? Nitauza saa ngapi?

#31 Mwalimu wa Maabara
Kwa walio na maabara ya shule: maji ya kulowekea tuliwahi kuyapima na kidato cha tatu. Ukitia Benedikti, ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, na kupasha moto, rangi inabaki bluu. Chukua mengine, chemsha na asidi haidrokloriki hafifu, poza, tia baikabonati mpaka povu liishe, kisha Benedikti tena. Inageuka kijani, njano, halafu rangi ya matofali. Watoto walipiga makofi. Rafinosi haibadilishi Benedikti mpaka ukatwe mnyororo wake.

#32 Dada wa Kemia
#31 Mwalimu kwa heshima zote, hapo umewapa watoto nusu ya jibu. Maharage yana sukrosi pia, na sukrosi nayo haibadilishi Benedikti mpaka uipitishe kwenye asidi. Rangi yako ya matofali inaweza kuwa ya sukrosi tupu. Ili useme ni rafinosi unahitaji kuzitenganisha, kwa kromatografia kwa mfano.

#33 Mwalimu wa Maabara
#32 Nimekubali. Mtihani unauliza kama kuna sukari isiyobadilisha Benedikti, hauulizi jina lake. Ila maji yale tuliyasahau kwenye bika mpaka kesho yake jioni, kwa joto hili la Dar yalikuwa yanatoa vipovu na yamechachuka, ukiinamisha sikio unasikia vipovu vikipasuka. Ndiyo tumbo la mleta mada hilo, kwenye kioo.

#34 Msafiri wa Hamburg
Huku Ujerumani sukari inatoka kwenye kiazisukari, kile kama figili kubwa nyeupe. Nimefanya msimu mmoja kiwandani. Kiazi kile kina rafinosi, na ikirundikana kwenye molasi, yale maji mazito yanayobaki sukari ikitolewa, inawapa wahandisi taabu: fuwele za sukari badala ya kuwa vipande vinene zinarefuka kama sindano, na mavuno yanashuka. Kuna viwanda duniani vinatumia kimeng'enya kilekile cha kukata galaktosi ili waokoe sukrosi.

#35 Wifi Mtu
#34 Kwa hiyo hata sukari ya Kilombero ndiyo inanijaza tumbo? Maana nikinywa chai tu…

#36 Msafiri wa Hamburg
#35 Hapana dada, Kilombero ni miwa. Na hata ya kiazi ikishasafishwa ni sukrosi tu. Chai yako ina maziwa?

#37 Wifi Mtu
…Ndiyo.

#38 Nyundo2
Swali la maendeleo: methani si ndiyo gesi ya Mtwara? Kwa nini tuchimbe baharini wakati kuna mabweni?

#39 Dada wa Kemia
#38 Methani ni ileile. Ila siyo kila tumbo linaitoa, inategemea kama una vile vijidudu vinavyokula haidrojeni na kaboni dioksidi vikatoa methani. Na haidrojeni, kaboni dioksidi na methani zote hazina harufu. Kinachonuka ni kidogo sana, gesi zenye salfa. Kwa hiyo sukari inaleta sauti, harufu inatoka kwenye mambo mengine uliyokula.

#40 Shemeji wa Wote
Mleta mada, ilikuwa sauti au harufu? Jukwaa linahitaji data.

#41 Kijana wa Segerea
#40 Vyote.

#42 Bachela Sinza
Hakuna aliyetaja kiporo. Mimi maharage ya leo hayanifanyi kitu, ya jana yaliyolala kwenye friji ndiyo yananimaliza.

#43 Lishe Bora TZ
#42 Wanga ukishaiva ukapoa, sehemu yake inajipanga upya na kuwa ngumu kusagwa. Nayo inaenda kulishwa bakteria walewale. Siyo kila gesi ya maharage ni ya rafinosi, Mwalimu anaisingizia kidogo.

#44 Kijana wa Segerea
Wakuu nimerudi na majibu. Wiki hii nimepika sufuria mbili. Jumanne: maharage ya njano, nimeloweka, nimemwaga mara mbili kama Mama Zawadi, bila magadi. Alhamisi: maharage yaleyale, sikumwaga, na magadi. Maziwa sikugusa siku zote mbili.

Jumanne tumbo lilinguruma kidogo saa mbili usiku, basi. Alhamisi ilikuwa vita, kuanzia saa kumi na mbili.

#45 Wifi Mtu
Alhamisi ulikula na nini?

#46 Kijana wa Segerea
Chapati. Na kachumbari.

#47 Wifi Mtu
Yenye vitunguu?

#48 Kijana wa Segerea
Vingi.

#49 Lishe Bora TZ
Vitunguu vina minyororo ya fruktosi ambayo nayo hatuisagi. Jaribio limeharibika, rudia.

#50 Kibopa wa Mbagala
Na mimi bado nasema hayakuiva.

#51 Kijana wa Segerea
Sina muda wa kurudia. Mama mkwe kapiga simu, Jumamosi niende tena, kaniandalia mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi nazo zimo kwenye huo ukoo?

#52 Mkulima wa Karatu
Zimo.

#53 Binti wa Shela
Muulize kama ametia mvuje.